Nati za Trekta la Doris

Fundi hana haraka na kutu. Alasiri lori la kontena lingefika uwanjani Greyville kuchukua trekta ambalo Doris alikuwa akimpelekea mama yake Ifakara, na magurudumu ya nyuma bado yalikuwa mapana kuliko mlango wa kontena. Injini ilikwisha kufa zamani, ikingoja kufufuliwa huko shamba, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya mikono. Fundi alilinyanyua trekta kwa jeki ili gurudumu la kulia liende kushoto, la kushoto kulia, na rimu, zilizobonyea upande mmoja kama sahani, zigeuke, zisogeze matairi ndani. Kila nati aliimiminia mafuta, akaigonga kidogo, akaegemeza paji la uso kwenye tairi kama anayesikiliza. Moja ikagoma.

“Eish, papa, tuikate!” alifoka Anaclet, mwenye uwanja.

“Halafu kule shamba watafunga na nini? Na meno yako?”

Doris alitazama saa. Fundi akagonga tena, akavuta spana polepole kwa mikono miwili. Nati ikalia, ikazunguka. Magurudumu yote yalipokaa mahali pake, akaanza kupaka nati grisi kwa kidole, moja moja.

“Lori iko kwa geti!” akaita Anaclet.

“Ingoje.” Akamgeukia Doris. “Mama, mwenye atafungua hizi kule shamba hanijui. Sitaki anitukane.”