Chupa Iliyokataa Kuchachuka

Nilikuwa kidato cha tano Kibaha, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, baba aliponikuta na daftari la biolojia barazani kwetu, kijijini Masaki. Alikuwa mkulima wa mihogo na korosho, na jioni alifundisha watoto Kurani. Alifuata mstari mmoja kwa kidole, nikamtafsiria Kiingereza chake: uhai ulianza majini, kutokana na kemikali zisizo na uhai. Akalifunga daftari.

"Hutarudi shule mpaka nilielewe hili."

Likizo ilikuwa imebaki wiki mbili. Nami nina kichwa kigumu kama chake; badala ya kumbembeleza nikamjibu, "Nitakuonyesha kwa macho yako, baba."

Nilipika uji mwepesi wa togwa, kinywaji chetu cha kuchachusha, nikaujaza kwenye chupa mbili. Ya kwanza nikaitia vijiko viwili vya togwa ya zamani, maana kwetu mama hakuacha chungu cha togwa kiishe; ya leo ilichachushwa kwa iliyotangulia. Ya pili niliichemsha muda mrefu ndani ya sufuria la maji, nikaiziba ingali moto kwa gunzi na nta ya mshumaa. Nikatangaza kwa kiburi kwamba hii, ingawa moto umeua vijidudu vyote vinavyochachusha, itazaa uhai mpya na kuchachuka yenyewe.

Kesho yake ya kwanza ilitoa povu. Ya pili kimya. Kila baada ya sala ya alfajiri baba aliiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akairudisha dirishani. Siku ya kumi nikasalimu amri.

"Nimekosea, baba. Mwalimu hakusema hivyo. Siku hizi kilicho hai hutoka kwa kilicho hai. Ila cha kwanza kabisa hakikuwa na mzazi, na kilichukua mamilioni ya miaka. Wengine wanasema baharini, wengine kwenye vidimbwi vya maji moto. Wanabishana mpaka leo."

"Kwa hiyo hawajui?"

"Hawajui."

Nilijua shule yangu imekwisha. Nikaanza kulia. Lakini baba alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili.

"Subhanallah," alisema taratibu. "Togwa ya mama yako ilitoka kwa ya bibi yako, ya bibi yako kwa nyingine. Rudi nyuma, rudi nyuma, mpaka ile isiyo na ya kuitangulia." Akatazama kuku, mikorosho, kisha viganja vyake. "Mola aliamrisha, hilo silibishii. Ila sijawahi kuona lilivyo kubwa."

Mimi nilikuwa nimelikariri tu kwa ajili ya mtihani.

"Nilidhani wanawafundisha kwamba wameshamaliza kujua," akasema. "Kama hawajui, nenda. Siku wakijua, nataka nilisikie kwako, si kwa mtu mwingine."

Nilirudi, nikasoma, nikaja kufundisha kemia. Kila nilipokwenda nyumbani, kabla hata sijamaliza shikamoo, aliniuliza, "Vipi, wamefika?" Nikamjibu bado. Alifariki sina cha kumwambia. Mpaka leo nikipata makala mpya kuhusu jambo hilo, naisoma kwa sauti, polepole, ili naye asikie.