Kichuguu cha Bi Ashatu

Shangazi yangu Ashatu wa Mapinga ana kisasi, na mimi simlaumu hata chembe.

Uyoga anaujua kuliko anavyowajua wakwe zake: ule wa rangi ya kiini cha yai unaoota msituni, ule mdogo wa shambani, na ule mweupe wa kupendeza unaomaliza ukoo. Lakini roho yake ilikuwa kwa uyoga wa kichuguu kimoja, alichoonyeshwa na marehemu mama yake. Kila masika aliuchuma, akauunga kwa nazi, majirani wakala.

Basi kiwanja chenye kichuguu hicho kikauzwa. Mnunuzi, Sharifu, mtu wa Dar, ana hela lakini hana masikio. Shangazi alimwendea kwa adabu, akamwomba nyumba atakayojenga aisogeze kidogo tu, nafasi ipo tele. Sharifu akacheka mbele ya mafundi, akasema vichuguu ni mambo ya wachawi. Siku ileile kijiko cha kuchimbia kikaja kukisawazisha kichuguu. Shangazi alilia kama aliyefiwa. Nami nililia, kwa hasira.

Fundi mmoja, mwenyeji, alikuja kumuuliza kama malkia wa mchwa achimbuliwe kwanza, maana asipotolewa mchwa hurudi. Shangazi jibu alikuwa nalo. Akamwambia akamuulize mwenye hela. Mwenye hela akasema mwageni zege.

Lo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka haukuisha, milango ikaliwa, fremu zikaliwa, dari ikawa inamwaga unga. Sharifu akapiga dawa za kila aina. Mchwa wakahamia kabatini. Kila fundi alipokuja kubadilisha mlango, shangazi alijiongezea chai. Nilimwambia kisasi ni cha Mungu. Akanijibu kuwa yeye hajafanya kitu, amekaa tu kwake.

Masika haya Sharifu akaja mwenyewe, mpole, na shikamoo mkononi. Akatupeleka sebuleni kwake. Kando ya ukuta sakafu ilikuwa imepasuka, na uyoga umechomoza.

"Mama, nionyeshe malkia alipo nimuue," akasema. "Nakuomba."

 Shangazi aliinama, akachuma uliokwisha kukunjuka, akautia kwenye upindo wa kanga. Uliofumba hakuugusa, uyoga mchanga hauchumwi, ndio mbegu ya mwakani.

"Huu mdogo usiukanyage, mwanangu," akamwambia. "Kesho nifungulie mlango mapema. Kama bado unao."