Namba Tano wa Kibondo

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo kifua hunijaa. Tulikuwa tumemaliza mazoezi, na kocha wetu, mwalimu wa shule aliyehamishiwa Kibondo kutoka Tanga, akaniita pembeni. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mfungaji wa timu. Watoto sokoni waliniita kwa namba ya jezi: "Tisa! Tisa!"

"Beki wetu anahamia Mwanza," kocha akasema. "Kuanzia Jumapili utacheza namba tano."

"Mwalimu, mimi ni mfungaji."

"Wafungaji ninao. Mtu wa kusimama pale nyuma sina, ila wewe."

Nilirudi nyumbani nimevimba mashavu. Nikamkuta Mama uani akipukuchua mahindi, nikamweleza yote, nikamalizia kwamba afadhali niache mpira.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, maana ndivyo alivyoniita kwa Kiha chetu, "mahindi haya alipanda baba yako. Lakini dada yako asingeshinda shambani akifukuza nyani, leo ningepukuchua nini?"

Nikavuta kigoda, nikachukua hindi, tukapukuchua pamoja.

Jumapili nikavaa tano. Haikuwa rahisi, sikufichi. Mshambuliaji akikosa goli hupewa pole. Beki akikosa mpira hulala na jina baya. Nikajifunza kusoma miguu ya mtu, kusubiri, kupaza sauti ili wenzangu wajipange. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Msimu ule tukafika fainali, tena dhidi ya Kasulu, uwanjani kwao. Tulikwenda kwa lori, barabara ikiwa bado ya vumbi, tukashuka wekundu kama matofali. Sadiki, kijana aliyerithi jezi yangu, akatufungia goli mapema, kisha Kasulu wakatuandama mpaka tukakosa pumzi. Mwishoni kabisa kipa wetu akatoka kufuata krosi, akaukosa. Mpira ukamwangukia mshambuliaji wao, na goli liko tupu. Nilikimbia, nikajirusha, nikautoa kwa kichwa juu ya mstari, halafu paji la uso likagonga mlingoti. Nikafungwa kitambaa, nikarudi kucheza damu ikinichuruzika. Filimbi ilipolia, mashabiki wa Kasulu wenyewe walinipigia makofi. Mzee wao mmoja akanishika mkono: "Umetunyima kombe, kijana, lakini mpira tumeuona."

Kibondo tulipokelewa kwa nderemo. Sadiki akabebwa juujuu, na ilikuwa haki yake. Mama akapenya umati hadi nilipo, akakigusa kile kitambaa.

"Naambiwa mlifunga moja. Wao walifunga ngapi?"

"Hawakufunga, Mama."

Akapiga kigelegele peke yake, kirefu, mpaka wauza mihogo wakageuka kutazama. Kombe nililishika kwa mikono hii, mwanangu, lakini tuzo yangu ilikuwa ile.

Nilicheza klabu ile ile hadi magoti yalipokataa, miaka mingi nikiwa nahodha. Wapo wenzangu walioitwa na timu kubwa za mijini, na niliwasindikiza kwa moyo mweupe. Mimi nilibaki, wala sijuti. Mcheza kwao hutunzwa. Hata sasa, lami imefika na uwanja una nyasi, watu wenye mvi zao wakiniona barabarani huniita "Tano!" Nami huitika.

Basi nikuusie. Ukipewa nafasi ambayo hukuichagua, angalia kwanza kama inahitajika. Ikiwa inahitajika, ishike vizuri mpaka wenzako washindwe kuiwaza timu bila wewe. Mwenzako akibebwa juu, mshangilie, kwa kuwa ushindi wake una jasho lako ndani. Na akukemeaye kwa upendo, keti umsikilize mpaka amalize.

Mungu, Imana wa wazee wetu, akupe miguu mizima na moyo usiotikisika. Akuepushe na husuda, yako na ya watu. Akufikishe uzeeni ukiwa na la kusimulia bila kuinamisha kichwa.