Fundi Aliyekionea Wivu Kisima cha Jirani

Tarehe 30 Juni 2021, fundi wa malori ambaye gereji nzima ilimwita Spana alirudisha ovaroli zake za kazi, akakabidhi chumba alichopanga na mkewe tangu walipooana, na kabla jua halijazama akawa ameshatandika godoro kwenye nusu eka yao wenyewe, nje ya mji.

Nyumba ina vyumba viwili vya tofali za kuchoma, na sakafu ya kimoja bado ni udongo. Vitunguu vinaota ndani ya matairi ya lori yaliyokwisha. Jiko ni kopo kubwa la rangi lililoshindiliwa maranda, ambayo seremala wa barabarani angeyatupa. Maji ya kuogea hayamwagwi ovyo. Yana mfereji wake hadi kwenye mapapai. Mke ndiye aliyeyataka maisha haya. Spana alikubali kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, gereji ilikuwa imeshamla magoti.

Walichokosa ni maji. Kisima cha karibu ni cha jirani, mwashi aliyefiwa na mke, mrefu, mwenye maneno mengi. Hatozi mtu. Kila asubuhi mke wa Spana alikwenda na ndoo mbili, na kila asubuhi alirudi na tabasamu ambalo hakuondoka nalo.

Spana amezoea kuujua ugonjwa wa injini kwa sikio. Akiwa ameinamia vitunguu vyake, alilisikiliza gurudumu la kisima linalopitisha kamba. Likilia, ndoo inapanda. Likinyamaza, ndoo imefika juu, na mtu mwenye shughuli zake angekuwa njiani anarudi. Badala ya nyayo, kikaja kicheko. Halafu kimya. Halafu kicheko kingine, kirefu zaidi.

Siku moja mwashi aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Fundi! Hili gurudumu linalia kama mtoto aliyenyimwa. Huna grisi kidogo?"

"Iliisha," Spana akajibu.

Kopo zima lilikuwa uvunguni mwa kitanda. Gurudumu likipakwa grisi, angesikiliza nini?

Jioni ile alimuuliza mkewe walichokuwa wakicheka.

"Alikuwa ananisimulia tajiri mmoja aliyejengewa choo, siku ya kukabidhiwa ndiyo anakumbuka hakuagiza mlango."

"Mimi sijawahi kukuchekesha?"

"Umenichekesha. Ile siku uliyokuja kwetu kuposa umevaa shati nje ndani."

"Hiyo zamani sana."

"Ndiyo nakwambia."

Usiku huo Spana aligeukia ukutani. Kulipokucha alipanda juu ya paa na kuanza kupima. Alikata mabati chakavu, akayakunja kuwa mifereji, akayazungusha pembe zote za nyumba. Akarudi gereji yake ya zamani, akaomba mapipa manne yaliyolala nyuma ya ofisi. Kwa mkewe alisema hataki ahangaike na ndoo. Mke alifurahi, akamshikia ngazi.

Mapipa yale yalikuwa ya oili. Spana aliyasugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni na maji ya moto. Akaingiza kichwa katika kila moja, akavuta pumzi. Hakunusa kitu. Akaridhika.

Mvua ilinyesha alasiri, ikayajaza yote. Alisimama uani akilowa, ameshika kiuno kama bwana harusi anayehesabu wageni.

"Kesho kisima kipumzike," alitangaza.

Asubuhi mke aliteka maji ya pipani, akapika chai. Alipiga funda moja, akalitema mlangoni.

"Umeweka nini humu?"

"Maji ya mvua hayo. Ya Mungu."

"Mungu hatumii dizeli."

Spana alichukua kikombe chake, akanywa hadi chini. "Mbona safi tu."

"Pua yako ilikufa zamani," mke akasema. "Miaka yote ile ulirudi nyumbani unanuka lori zima, halafu unaniuliza kwa nini nimefungua dirisha." Akawamwagia kuku yaliyobaki. Kuku wakasogea, wakatazama, wakaondoka zao. Mke akanyanyua ndoo.

Spana akasimama mlangoni. "Kwa mwashi huendi."

"Nini?"

"Huendi. Maji nitafuata mimi."

Mke aliziweka ndoo chini. Aliyatazama mapipa, akaitazama mifereji ya bati, akarudisha macho kwa mumewe.

"Kumbe hizi kazi zote hazikuwa za maji."

Spana akainamisha macho kwenye ndoo.

"Yule mtu ananiuliza nimeamkaje, kisha anangoja jibu. Mara ya mwisho wewe kuniuliza jambo lisilohusu chakula ni lini? Nilitaka shamba ili tukae pamoja. Wewe umekaa na vitunguu. Kwake sihami. Lakini kuishi na askari magereza siwezi. Chagua."

Spana alizichukua ndoo, akaenda mwenyewe. Mwashi alimvutia kamba bila kuuliza. Ndoo ya pili ilipofika juu, Spana akauliza, kwa shida, tangi la saruji la kukingia mvua linataka nini.

"Tofali, mchanga, saruji. Ufundi usijali. Mkeo ananiletea mchicha siku zote."

"Mchicha upi?"

"Wa kwenu. Kwani hujui?"

Hakujua. Wivu uliokuwa umeanza kulegea ukakaza upya. Alisema tangi lijengwe, lakini yeye atakuwepo kuanzia msingi hadi mfuniko.

"Usipokuwepo, zege atachanganya nani?" mwashi akamjibu, akacheka peke yake.

Mapipa sasa yanawekewa maranda. Spana anakiri kwamba wivu wake uko palepale. Tofauti ni kwamba mkewe anaujua. Jumamosi mwashi ataingia uani kuanza msingi wa tangi. Spana atachanganya zege. Mke atapika chakula cha watu watatu, na ameshasema wote watakula meza moja.