Kuta Zilizobomolewa Kila Ijumaa

Mwaka niliosomea uashi kwenye kituo cha ufundi pale Mbagala nilijenga kuta nyingi, na hakuna hata moja iliyoiona Jumamosi. Kila Ijumaa, kabla watu hawajakwenda msikitini, mwalimu alipita na timazi yake, akapima, akatoa maksi, kisha akasema, “Haya, bomoeni.” Tukabomoa. Tukakwangua matofali, tukayapanga, na Jumatatu tukayajenga upya yale yale.

Tuliweza kuyakwangua kwa sababu tulijengea udongo mwekundu uliochimbwa nyuma ya vyoo. Si kwamba saruji haikuwepo. Ilikuwepo, imepangwa stoo, na ufunguo alikaa nao mkuu wa kituo. Ilitoka siku ya wageni tu. Wageni walikuja na kamera zao kuona vijana waliokosa shule wanavyokombolewa, mifuko ikatolewa nje, na mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana pekee wa uashi, nikasimamishwa mbele yake na mwiko mkononi. Nikaambiwa nicheke. Wageni walipoondoka tukairudisha ndani mabegani mwetu wenyewe.

Huo udongo tuliufanyia kazi kwa bidii, lazima niseme. Jumatatu tulikoroga lundo kubwa la wiki nzima na kulifunika kwa magunia mabichi. Likikauka, tulimwagia maji, tukalikanyaga kwa miguu, likalainika, tukaendelea. Mwalimu alitusifu kwa kutopoteza hata koleo moja. Mimi ndiye niliyesifiwa zaidi.

Na nilikuwa na sababu ya kutaka sifa. Darasa la saba nilifaulu lakini sikuchaguliwa kwenda sekondari. Shule za kulipia zilikuwa zimeanza kufunguliwa, ila hazikufunguliwa kwa ajili ya watu kama sisi. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani na siku hizo alishinda barazani akitazama barabara. Ndipo shangazi, dada yake baba, alipokuja kutoka Ubungo kunitaka. Nikakae kwake, nimlelee mtoto, nimpikie, nimfulie. Hakuwa na ubaya. Aliona msichana amekaa bure, akaona na yeye ana shida ya mtu. Mama alimkatalia kwa namna mawifi wanavyokataliana, bila kutamka neno la kukataa.

“Wifi, niachie mwaka mmoja tu,” alimwambia. “Ajifunze kazi pale kituoni. Akipata kibarua cha kueleweka, abaki. Akikosa, ni mtoto wako, mchukue.”

Sikutaka kwenda Ubungo. Nilikwishaona wasichana wa mtaani kwetu waliokwenda kuishi kwa ndugu. Walirudi wakati wa misiba tu, na walirudi wakubwa. Kwa hiyo nilishika mwiko nikijua nini kinanisubiri nikiuacha.

Mwaka ulipokwisha bahati ikaja yenyewe. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye kiwanja kando ya barabara ya Kilwa alikuwa anasimamisha fremu za maduka. Msimamizi wa jengo moja alikuja kituoni kuulizia fundi, mwalimu akanitaja. Asubuhi ya majaribio mama alinichemshia chai ya maziwa, kitu ambacho kwetu kilingoja sikukuu.

Msimamizi alikuwa mzee mfupi asiyependa maneno. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaonyesha kwa kidole.

“Ukuta huo wako, binti. Mifuko ile pale, mchanga ule pale. Leo ukoroge mwenyewe, ujenge mwenyewe. Jioni tutaongea.”

Nilifurahi kuona mifuko miwili mizima imeachwa mikononi mwangu bila ufunguo wala kamera. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikakoroga yote miwili kwa mpigo, lundo zuri, laini, nikalifunika kwa magunia mabichi. Nikafunga uzi, nikaanza kupanga.

Jua lilipopanda akaja kunitazama. Akainama, akafumba jicho moja, akaweka pima maji juu ya tofali.

“Mkono unao,” alisema. Kisha akaliona lundo. “Lile la nani?”

“Langu, mzee. La leo na kesho.”

Akanitazama usoni kuona kama namtania. Mimi nikaenda kufunua magunia ili nimwonyeshe. Lilikuwa limekakamaa. Sikushtuka hata kidogo. Nikachota maji, nikamwagia, nikapandisha sketi, nikaanza kulikanyaga mbele yake, tena kwa madaha, maana hiyo ndiyo kazi niliyosifiwa mwaka mzima.

“Toka humo!” alipiga kelele. “Toka, itakuunguza! We mtoto, simenti ikishaganda imekufa. Hata ukiimwagia bahari nzima. Umefundishwa wapi?”

Nikamtajia kituo.

“Walikuwa wanakufundisha kujenga, au maigizo?”

Mafundi waliokuwa juu ya jukwaa wakacheka. Hakunitukana. Alinipa ndoo ya maji ninawe miguu, akaniambia niende nyumbani.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kituoni, miguu imeanza kuwasha, nikamkuta mkuu amesimama mbele ya vijana wapya anawahubiria kujitegemea. Sikumsalimia. Niliwageukia wale vijana nikapaza sauti.

“Simenti inaganda! Mkikoroga, korogeni kidogo kidogo! Hapa hawatawaambia!”

Wakacheka, wakadhani ni kichaa. Mkuu akatingisha kichwa kwa huruma ya kujionyesha. “Mnaona?” aliwaambia. “Wengine tunawapa nafasi, lakini hawafundishiki.” Akamwita mlinzi.

Mwalimu ndiye aliyenishika mkono akanitoa getini. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, hata siku moja, hata kwa mdomo tu kama ufunguo alinyimwa. Akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli.

“Nilidhani mnajua,” alisema. “Hilo si kila mtu analijua?”

Ningelijulia wapi? Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, na za majirani vilevile, na nyufa zikitokea mama alikanda udongo mwingine akaziba. Saruji niliwahi kuibeba begani na kupigwa nayo picha. Kumbe miezi yote ile mtu yule alitufundisha akiamini tumezaliwa katika nyumba kama yake. Nilimchukia kuliko mkuu. Mkuu angalau alijua anachokificha.

Mama hakuniuliza mengi, aliona miguu. Ahadi ni ahadi, na wifi yake hakuchelewa.

Shangazi alinipokea vizuri. Siku ile ile alichuchumaa nami mbele ya jiko la mafuta ya taa, akanionyesha namna ya kupandisha tambi, namna ya kuwasha pembeni kwanza, namna ya kuzima bila moshi. Nilimwambia najua, akakataa. Aliliwasha, akalizima, akanipa kiberiti niliwashe mwenyewe, akakosoa, akanirudisha mwanzo. Hakusimama mpaka aliporidhika kwamba sitajiunguza. Mwaka ule wote hakuna mtu mwingine aliyenifundisha kazi namna hiyo, na kazi yenyewe ndiyo ile niliyokuwa naikimbia.