Mama wa Bosi Katikati ya Bwawa

Jamani, yamenikuta makubwa.

Leo nilimpeleka mama wa bosi kwenye ile bustani ya Kijapani hapa Doha. Ni bibi mzee, anasahau sahau. Nikainama kutoa maji kwenye mkoba. Kuinuka, kiti chake cha magurudumu kitupu!

Nikakimbia nikiita, "Mama! Mama!" Moyoni najiona nimesharudishwa Tanga.

Nikamkuta katikati ya bwawa, amesimama peku juu ya jiwe la kuvukia. Huyu hajatembea tangu Ramadhani!

"Usisogee, Mama, nakuja," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

Akaninyooshea mkono. "Taratibu, binti yangu, utateleza."

Tumefika nyumbani salama.

Sasa nishaurini. Nikimwambia bosi mama yake katembea, si ataniuliza nilikuwa wapi?