Rosette na Shimo Langu la Kasiksi

Mutoto wa mutoto wangu anaitwa Rosette. Amesoma fizike miaka mitano ku iniversite hapa Goma, na mpaka leo hawezi kupika maharagi bila kuyaunguza. Ninaanza na maharagi ili mutu asifikiri ninamusifu. Mimi Masika simusifu mutu ovyo. Kwetu Butembo mutoto ukimusifu sana anakaa chini, na akikaa hainuki tena.

Alipokuwa na miaka sita aliniuliza jana inakwenda wapi. Nikamuambia inakwenda Sake. Akakaa ku njia ya Sake siku mbili anatazama, kisha akarudi: "Koko, umenidanganya. Ni malori tu yanakwenda kule." Tangu siku ile nilijua huyu atanisumbua.

Sasa yuko na miaka ishirini na tano, na ukuta wa jikoni yangu ameuandika wote kwa makaa. Kuko namba, mishale, na alama moja kama uma ya meno matatu, anayosema ndiyo inabeba mambo yote. Nilitaka kupaka chokaa. Akaniomba ningoje, hajamaliza dunia.

Mambo yake nimeyasikia mara nyingi, ninaweza kuyasema hata nikiwa ninachagua muchele. Kitu kidogo sana, anasema, kidogo kuliko vumbi la vumbi, kinaweza kuwa hapa na pale wakati mumoja, mpaka mutu akitazame. Ukikitazama, kinachagua pa kuwa. Nikamuambia hilo halinishangazi. Marehemu mume wangu alikuwa ku kazi na ku baa wakati mumoja, mpaka nitume mutu amutazame.

Tena anasema zamani, zamani mpaka zamani yenyewe haikuwako, dunia yote na nyota zake, na ziwa Kivu, na mizigo yote ya soko la Birere, ilikuwa imebanana mu kitu kidogo kuliko mbegu ya mutama. Kilikuwa moto sana, kisha kikafunguka, na bado kinafunguka. Nikamuuliza Mungu alikuwa amekaa wapi, kwa sababu mu mbegu ya mutama hakuna nafasi ya kiti. Hakucheka. Akasema hilo ni swali zuri. Ndiyo tabia yake mbaya: ukimuchokoza anakushukuru.

Basi mwaka huu masista wenye shule kule Munigi walitafuta mwalimu wa fizike. Rosette akaenda, wakamupenda, wakamuambia kinabaki kitu kimoja: alete barua ya shirika lake, yenye kusema ni mukristo wa kweli, mwisho Jumatatu. Shirika ni sisi majirani tunaosali pamoja kila Jumatano. Prezida wetu ni Papa Henri, na barua bila mukono wake ni karatasi ya kufungia karanga.

Papa Henri ni mutu mwema. Lakini alifanya kazi ya duane, kukagua mizigo ku mupaka wa Bunagana, miaka karibu makumi tatu, na kazi hiyo ilibaki mu mikono yake. Hawezi kuona kitu kimefunikwa asikifunue. Ukimualika kula, anainua kwanza mufuniko wa sufuria, ndipo anasalimia.

Jumatano ile tulikuwa kwa Mama Donatille, na somo lilikuwa la uumbaji. Papa Henri akataka kumuonyesha Rosette mbele ya watu. "Tuko na intelektueli hapa," akasema. "Atuambie kidogo, wale wa iniversite wanasema nini."

Rosette akasimama, akasema mambo ya mbegu ya mutama. Watu wakasikiliza vizuri.

"Basi sisi wote tulikuwa mu hiyo mbegu?" akauliza Donatille.

"Ndiyo, mama."

"Mimi pamoja na Masika?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana ananikanyaga mpaka leo."

Watu wakacheka, mimi nikakubali kwa kichwa kwa sababu ni kweli. Papa Henri akainua kidole. "Na kabla ya hiyo mbegu, kulikuwa nini?"

"Hatujui, papa."

"Nani hajui?"

"Wote wanaosoma mambo hayo. Kuko wanaosema hata pasipo na kitu hapatulii, panachemka, vitu vidogo vinatokea na kupotea, kama povu juu ya pombe ya kasiksi. Lakini kabla ya hapo, hatujui."

"Mwalimu hasemi hatujui," akasema Papa Henri. "Mwalimu anajua, au ananyamaza. Na jibu liko, hata mutoto wa katekisimu analo. Sema Mungu, tumalize."

Rosette akasema: "Ninamuamini Mungu, papa. Lakini umeniuliza kulikuwa nini."

Papa Henri akaikunja ile karatasi ya barua aliyoletewa na Rosette, akaiweka mu mufuko wa koti. Akasema atatia mukono siku mutoto atakapopata jibu.

Njiani nilimukaripia. "Ungesema tu Mungu. Neno moja. Ulimi wako ungepungua?"

"Koko, mutu akiniuliza kasiksi yako inachacha namna gani, nikimujibu 'Masika', nimejibu?"

Jibu lile lilinipendeza, lilikuwa na jina langu ndani. Lakini barua ilikuwa mu mufuko wa mwengine, na Munigi walikuwa wanangoja.

Sasa niseme juu ya kasiksi, maana ndiyo iliyomulisha na kumusomesha. Ni pombe ya ndizi, na mu mutaa wote wa Majengo hakuna anayenishinda. Hapa Goma ukichimba unakutana na jiwe, jiwe ambalo mulima wa moto ulimwaga, kwa hiyo shimo la kuivishia ndizi ni mali. Langu alilichonga marehemu kwa chuma cha baramini, miezi miwili. Ndiyo kazi pekee aliyoimaliza. Unapanga ndizi mbichi ndani, unafunika kwa majani yake, unaingiza moshi, unaweka mabati na mawe juu. Siku tano. Mutu asifunue. Ukifunua mapema, joto linatoka, ndizi zinashangaa: zile zilizoanza kulainika zinasimama, zinakuwa ngumu kama raba, na maji yake hayatoki vizuri hata uzikanyage na nani.

Ijumaa nilikuwa nimefunika ndizi za Papa Henri mwenyewe. Alikuwa anamuoza kijana wake Jumamosi ifuatayo, na alitaka kasiksi ya Masika, si ya mwengine. Shimo lilikuwa la kufunguliwa Jumatano.

Jumapili baada ya misa akafika, eti kunisalimia. Prezida humuachi amesimama, hata kama umemukasirikia. Nikaingia mu nyumba kutafuta kiti. Rosette alikuwa jikoni na makaa yake. Nilipotoka nilimukuta Papa Henri ameinama juu ya shimo langu, mabati yamewekwa kando, majani mu mukono, na moshi unamuzunguka kama padri mwenye chetezo.

"Nilitaka tu kuhakikisha," akasema.

Nilikuwa na matusi ya Kinande yaliyopangwa tayari, mazuri, ya bibi zangu. Rosette akatoka, akanishika mukono.

"Ngoja, koko. Papa Henri, umeona nini?"

"Ndizi."

"Zimeiva?"

"Nyingine zimeanza. Nyingine hapana."

"Na kama usingefunua, Jumatano zingekuwa namna gani?"

"Nitajuaje? Nimekwisha kufunua."

"Basi, papa. Ukishatazama, shimo ulilokuwa unataka kulijua haliko tena. Kuko hili lingine, lenye mukono wako ndani."

Papa Henri akatazama mukono wake. Ulikuwa na masizi mpaka ku kiwiko. Kisha akanigeukia mimi, na sauti ya duane ilikuwa imepungua. "Mama Masika. Jumamosi kasiksi itakuwa nzuri?"

Swali hilo nimeulizwa zaidi ya miaka makumi ine, na jibu langu ni moja: itakuwa. Silisemi kwa kufikiri. Mashimo matatu yaliwahi kuniharibikia mu maisha yangu, nikawapa nguruwe wa Donatille zile ndizi, nikawaambia watu nimeibiwa. Hata Rosette hakujua. Watu hununua kasiksi yangu kwa sababu Masika hakosi.

Nikamutazama mutoto. Alikuwa na makaa ku pua. Hakuniomba kitu, hata kwa macho. Alikuwa anangoja tu, kama vile jibu langu linamufundisha kitu. Nikaona kwamba nikisema "itakuwa", huyu muzee atarudi kwake ametulia, na barua itaendelea kukaa mu koti lake.

Nikasema: "Sijui."

Lilitoka kama mufupa wa samaki.

"Hujui?" akauliza.

"Sijui. Ulifunua."

"Basi niite mwengine anitengenezee?"

"Muite. Atakuambia anajua, na atalala siku tatu mpaka Jumatano. Mimi nisiyejua nitarudisha majani, nitaongeza moshi, nitakaa hapa na shimo lako. Wewe unataka gani?"

Akakaa ku kiti changu. Kuku akapita kati yetu. Papa Henri akajipangusa mukono, akaupaka masizi ule mwengine.

"Nakutaka wewe," akasema.

"Wewe mwenyewe unachagua mutu wa sijui, kwa arusi ya kijana wako. Watoto wa Munigi wamekukosea nini?"

Papa Henri akamutazama Rosette, akatoa ile barua. "Lakini ninaandika kwamba unasali."

"Andika, papa. Ni kweli."

"Na kwamba uko na heshima."

"Andika heshima ya kiasi," mimi nikasema, "usimudanganye sista."

Akaandikia juu ya pipa langu, na kidole chake cha masizi kikabaki ku karatasi, kikubwa kuliko saini. Jumatatu Rosette akaipeleka. Sista akauliza alama ile ni ya nini. Akajibiwa ni ya prezida, na akaridhika.

Jumatano nikafungua shimo. Pembeni ndizi zilikuwa zimeiva, katikati zilikuwa raba. Nikazikanyaga zote, mugongo ukaniuma siku mbili. Ku arusi walikunywa wakamaliza, wakalamba na vikombe. Papa Henri alionja, akafunga macho, akasema kuko kaukali kadogo mwaka huu. Nikamuambia ni mukono wake. Tangu siku hiyo anagonga kabla ya kuinua mufuniko, lakini bado anainua.

Rosette anapanda Munigi kila asubuhi, na anarudi viatu vimejaa vumbi jeusi. Jioni moja, maharagi yakiungua nyuma yake, aliinama juu ya shimo tupu, akaniuliza: "Koko, lakini sukari inaingiaje mu ndizi, humo ndani mwa giza?"

Nikamujibu: "Masika."